Kumwombea mtoto nafasi katika shule ya Kiwelisi, lugha ya Wales: usiisahau fomu ya Derbyn

Barua pepe ilisema nafasi zote 30 zimejaa. Asubuhi hiyohiyo binti yangu alikuwa ndani ya shule hiyohiyo, katika darasa la Meithrin, yaani chekechea, amevaa sweta yenye nembo ya shule, akihesabu un, dau, tri na wenzake. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Niliamini kwamba mtoto akishapokelewa Meithrin, amekwisha kupokelewa shule. Sivyo. Meithrin ni ombi moja, na darasa linalofuata, Derbyn, ambalo ndilo la kuanzia shule ya msingi, ni ombi jingine kabisa, lenye fomu yake na tarehe yake ya mwisho. Mimi nilijaza fomu ya Derbyn wiki tatu baada ya tarehe, nilipomsikia mzazi mwenzangu akiitaja getini, na kosa hilo lilitugharimu mwaka mzima.

Kwa aliyefika Wales karibuni: elimu hapa iko chini ya serikali ya Wales, si ya London, na shule za serikali zinaendeshwa na halmashauri 22. Kiwelisi ni lugha rasmi. Sensa ya 2021 ilikuta wasemaji wapatao 538,000, asilimia 17.8 ya watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, na serikali imeweka lengo la kufikisha milioni 1 ifikapo 2050. Ndiyo maana Ysgol Gymraeg, yaani shule inayofundisha kwa Kiwelisi, ina mlango ulio wazi kwa mtoto yeyote. Hakuna anayekuuliza nyumbani mnaongea nini. Huku kusini mashariki watoto wengi wa shule hizi wanatoka nyumba zisizo na Kiwelisi hata kidogo, na walimu wamezoea kuanza na mtoto asiyejua neno. Mpaka kufikia miaka 7 hivi wanamzamisha kwenye Kiwelisi, kisha Kiingereza kinaingia kama somo. Huna haja ya kuhofia Kiingereza chake, atakipata barabarani, kwenye televisheni na kwa watoto wenzake.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Bibi yangu wa Lushoto aliongea Kisambaa, baba akatulea kwa Kiswahili, na leo mimi Kisambaa nakisikia tu, siwezi kukijibu. Nilitaka binti yangu akue mahali ambapo watu wanaipigania lugha yao ingali hai.

Sasa fomu. Shule nyingi za Kiwelisi ni za halmashauri, kwa hiyo unaomba kwenye tovuti ya halmashauri yako na si shuleni. Chache zinapokea maombi zenyewe, basi piga simu uulize kabla hujajaza. Cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa anwani utaviambatisha kama kawaida. Kwetu dirisha la Derbyn lilifunguliwa vuli na kufungwa Januari, ilhali mtoto anaanza Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Halmashauri zinatofautiana, hivyo tafuta tarehe ya kwenu mtoto akiwa na miaka 3 na uiandike ukutani. Majibu ya shule za msingi hutoka 16 Aprili.

Kuhudhuria Cylch Meithrin ya mtaani, yaani kikundi cha watoto wadogo kinachoendeshwa kwa Kiwelisi, au Meithrin ya shule yenyewe, ni jambo zuri sana kwa lugha ya mtoto, lakini hakumpi haki ya kiti cha Derbyn. Ombi lililochelewa linashughulikiwa baada ya yote yaliyofika kwa wakati, hata kama unaishi mtaa wa nyuma ya shule. Ukishatuma, subiri ujumbe wa uthibitisho na uuhifadhi. Usipoupata, fomu yako haijafika, rudi uitume tena.

Kwenye orodha ya shule unazopendelea, jaza nafasi zote, na ziwe za Kiwelisi angalau mbili. Mzazi akiandika moja tu na ikajaa, halmashauri inaweza kumpa shule yoyote iliyobaki na nafasi, na mara nyingi hiyo itakuwa ya Kiingereza. Hapo lugha ya mtoto imeamuliwa na kisanduku kilichoachwa wazi.

Nilikata rufaa. Nakueleza ilivyo ili usiweke matumaini mahali pasipo. Kwa madarasa ya watoto wadogo sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na shule ikikataa kwa sababu hiyo, jopo la rufaa linaangalia mambo machache sana, hasa kama taratibu zilikosewa au kama uamuzi haukuwa na busara. Kilio cha mtoto kutengana na rafiki zake hakimo. Wanajopo walinisikiliza kwa heshima, wakaniuliza fomu ilitumwa lini, nikawaambia ukweli, na mambo yakaishia hapo. Ukiwa umechelewa wewe, kata rufaa ukipenda, lakini nguvu zako zipeleke kwenye orodha ya kusubiri na kwenye shule nyingine ya Kiwelisi yenye nafasi. Ujue pia kwamba orodha ya kusubiri hupangwa kwa vigezo, kama vile ndugu aliyemo shuleni na umbali, na si kwa aliyetangulia kujiandikisha.

Tulipata Ysgol Gymraeg nyingine, zaidi ya maili 3 kutoka nyumbani, na hapo nikakutana na suala la usafiri. Sheria ya usafiri wa wanafunzi ya 2008 inaitaka halmashauri imsafirishe bure mtoto wa shule ya msingi anayeishi maili 2 au zaidi kutoka shule ya karibu inayomfaa, na wa sekondari maili 3. Sheria hiyohiyo inazitaka halmashauri zikuze upatikanaji wa elimu kwa Kiwelisi. Lakini wajibu wa kusafirisha ni kwa mtoto aliyefikia umri wa lazima wa shule, yaani kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5. Binti yangu alizaliwa Mei. Kwa hiyo mwaka mzima wa Derbyn tulikuwa juu yetu: mabasi mawili asubuhi, mawili mchana, na mimi nikaomba kuhamishiwa zamu ya usiku kazini. Baadhi ya halmashauri huwabeba hata hao wadogo kwa hiari yao, kwa hiyo uliza kabla hujakata tamaa. Na ile barua ya kukataliwa usiitupe. Ndiyo iliyothibitisha kwamba shule ya karibu ilijaa, na kwa barua hiyo tulipata kadi ya basi alipoingia mwaka wa kwanza.

Kama mtoto wako anatoka Dar au Mombasa akiwa na miaka 8 au 10, hajachelewa. Iulize halmashauri kuhusu trochi, mafunzo ya kumzamisha mtoto mkubwa katika Kiwelisi kabla ya kuingia darasani. Gwynedd walianza vituo hivyo tangu 1984.

Kazi za nyumbani utaziweza. Kiwelisi husomwa kama kilivyoandikwa, na mdomo wa Mswahili umeshajiandaa: dd ni dh ya dhahabu, ch ni kh ya kheri, f ni v, ff ndiyo f yetu. Kinachowashangaza wengine ni neno kubadilika mwanzoni. Siku moja binti yangu alisema fy nhad, nikamsahihisha kwamba baba ni tad. Akanitazama kwa huruma na kurudia polepole: tad ni baba, fy nhad ni baba yangu. Sisi tunaosema ulimi na ndimi, uso na nyuso, hatuna sababu ya kulishangaa hilo.

Kuna hatua moja ambayo haimo kwenye fomu, nayo wazazi wageni tunaiacha wengine watufanyie. Kila halmashauri inalazimika kuwa na mpango mkakati wa Kiwelisi katika elimu, chini ya sheria ya 2013. Mipango ya sasa ni ya miaka 10 kuanzia Septemba 2022, na miongoni mwa matokeo 7 yanayopimwa, la kwanza ni watoto wa Meithrin na la pili ni watoto wa Derbyn wanaosoma kwa Kiwelisi. Mtoto anayekosa nafasi na kupelekwa shule ya Kiingereza hahesabiwi kwenye safu hiyo, na mzazi asiyesema chochote haonekani kuwa alitaka. Halmashauri ikitaka kufungua shule mpya lazima iweke pendekezo mbele ya wananchi kwa siku zisizopungua 42, na angalau 20 kati yake ziwe siku za masomo. Tafuta pendekezo hilo, jibu kwa Kiwelisi au Kiingereza, na taja mtaa wako na umri wa watoto wako wote, pamoja na wale ambao bado hawajafika miaka 3.

Jibu langu lilikuwa ukurasa mmoja. Nilieleza mabasi manne kwa siku, nikaambatisha nakala ya barua ya kukataliwa, na chini nikaandika kwamba mdogo wa binti yangu atahitaji Meithrin baada ya miaka miwili. Fomu yake ya Meithrin nitaijaza siku dirisha litakapofunguliwa. Ya Derbyn imeshaandikwa kwenye kalenda ya jikoni, kwa wino mwekundu.