Jinsi ya Kuikamata Vesta kwa Darubini ya Mkononi

Ukitaka kuona asteroidi, yaani gimba la mwamba linalolizunguka Jua, kwa macho yako, anza na Vesta, na utenge angalau usiku mbili. Usiku mmoja hautoshi. Ndani ya darubini Vesta ni kitone tu, sawa na nyota zinazoizunguka. Kinachoifichua ni mwendo wake.

Vifaa: darubini ya macho mawili (10x50, yaani inayokuza mara 10 kwa lenzi za milimita 50, inafaa sana, hata 7x50 itafanya kazi), penseli, karatasi, tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, na mkeka. Mkeka si utani. Huku kwetu karibu na ikweta njia ya sayari hupita karibu na utosi. Ukisimama umeinua kichwa, shingo itakata tamaa kabla ya macho.

Hatua ya 1: Chagua majira

Vesta hulizunguka Jua kwa takriban miaka 3.6, na Dunia huipita kila baada ya miezi 17 hivi. Wiki za karibu na hapo ndizo zako. Mei 2025, kwa mfano, ilikuwa katika kundi la nyota la Mizani. Wakati huo huchomoza Jua linapozama, na ikifika saa sita usiku iko juu kabisa. Kwenye anga lenye giza la kweli, wenye macho makali wamewahi kuiona bila darubini. Usijaribu hilo mjini.

Hatua ya 2: Tafuta eneo lake

Fungua programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure, andika Vesta, kisha uweke tarehe na saa yako. Angalia nyota ipi angavu iko karibu nayo. Ukishaijua, funga programu. Usiweke alama ya Vesta kwenye karatasi yako, maana jicho huona kile lilichoambiwa.

Hatua ya 3: Chora kila kitone

Kaa gizani dakika 20 macho yazoee. Egemeza viwiko, anzia kwenye ile nyota angavu, kisha chora duara na ndani yake vitone vyote unavyoviona, vikubwa kwa vidogo. Andika tarehe na saa.

Nasema vyote kwa sababu mara yangu ya kwanza nilichora kimoja tu, nilichoamini ndicho. Usiku uliofuata kilikuwa palepale. Nilikuwa nimechora nyota, na sikuwa na vitone vingine vya kulinganisha.

Hatua ya 4: Rudi, ulinganishe

Usiku wa pili chora upya bila kuutazama mchoro wa kwanza. Kisha ziweke karatasi hizo mbili sambamba. Kitone kilichosogea ndicho Vesta. Katika majira haya husogea kiasi cha nusu ya upana wa Mwezi mpevu kwa siku.

Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa. Heinrich Olbers alikuwa daktari mjini Bremen, Ujerumani. Mchana wagonjwa, usiku darubini, ghorofani kwake. Aliamini kwamba Ceres na Pallas, magimba mawili yaliyogunduliwa kabla ya Vesta, ni vipande vya sayari moja iliyovunjika, hivyo vipande vingine vingepita tena njia ileile. Akawa analinda eneo hilo kama mvuvi anayejua mwamba wake, na tarehe 29 Machi 1807 akakuta mgeni katika kundi la Mashuke. Nadharia yake haikuwa sahihi, maana hapakuwa na sayari iliyovunjika, lakini samaki alimpata. Jina la Vesta, mungu wa kike wa Kirumi wa meko, lilitolewa na mwanahisabati Carl Friedrich Gauss.

Kitone hicho ni nini hasa

Kipenyo chake ni takriban kilomita 525. Ceres ni kubwa zaidi, kilomita 940 hivi, ila Vesta huishinda kwa mwanga kwa sababu uso wake hurudisha takriban asilimia 40 ya mwanga unaoupiga. Hujizungusha kwa saa 5 na dakika 20. Chombo cha Dawn cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilichoizunguka kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012, kilionyesha kwamba haina umbo la mpira kamili: kusini imebonyezwa na shimo liitwalo Rheasilvia, lenye upana wa karibu kilomita 500. Katikati ya shimo hilo umesimama mlima wa zaidi ya kilomita 20. Kilimanjaro haifiki 6.

Vipande vya Vesta vimetufikia pia. Kimondo kilichoanguka Kapoeta, Sudan Kusini, mwaka 1942, si mbali na mpaka wa Kenya, ni cha kundi la mawe ambalo wanasayansi wanaamini lilitoka huko.

Mawingu yakikunyima usiku wa pili

Subiri wa tatu au wa nne. Tumia nyota zilezile na duara lilelile. Vesta itakuwa imesogea zaidi, na kuitambua kutakuwa rahisi.