Kabla Hujafika Mto Oconaluftee: Mambo ya Kuzingatia

Wengi huanza kwa kuuliza wavae viatu gani. Mimi ningeanza kwa kujua unakwenda kwa nani. Mto Oconaluftee unaanzia karibu na Newfound Gap, pito la juu kwenye milima ya Great Smoky, jimbo la North Carolina, Marekani. Unateremka ndani ya hifadhi ya taifa, kisha unaingia Qualla Boundary, ardhi ya Wacherokee wa Mashariki, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na kuupasua mji wao wa Cherokee kabla ya kukutana na mto Tuckasegee. Maji ni yaleyale, ila sheria zinabadilika njiani. Ukivua trauti hifadhini, unatakiwa uwe na leseni ya jimbo. Ukishuka mjini, leseni hiyo haikufai kitu, kinachotakiwa ni kibali cha kabila. Kinunue kabla hujatupa ndoano.

Wapo wanaodhani ardhi hiyo ni zawadi ya serikali. Hapana. Mwaka 1838 serikali ya Marekani iliwafukuza Wacherokee kwa mtutu wa bunduki kuelekea magharibi, na maelfu walifia njiani. Wachache walibaki milimani, na ardhi yao ikanunuliwa kipande kwa kipande, sehemu kubwa kwa jina la William Holland Thomas, mfanyabiashara mzungu ambaye chifu Yonaguska alimfanya mwanawe. Kazi hiyo haikuishia karne ya 19. Kituwah, mji wanaouita mama wa miji yao yote, waliununua tena mwaka 1996. Kwa hiyo utakuwa mgeni wa watu walionunua kwao wenyewe.

Mto nao wana jina lake: Mtu Mrefu, kichwa kiko milimani na miguu baharini. Tangu zamani walishuka majini alfajiri kujitakasa na kuomba, na desturi hiyo haijafa. Ukiwakuta watu wamesimama mtoni asubuhi kimya kimya, simu ibaki mfukoni.

Kama unasafiri na watoto, zungumzeni habari ya mawe mkiwa bado nyumbani. Mtoto akiona maji mafupi na mawe bapa, mikono inamwasha: atajenga bwawa, au mnara wa kupigia picha. Wa kwangu alikuwa ameshapanga mawe saba hivi mzee mmoja alipomwita, akamwambia taratibu, "Hiyo ni nyumba ya mtu." Chini ya mawe hayo huishi salamanda wakubwa waitwao hellbender, wanaoweza kupita sentimita 60. Hupumua kwa ngozi, ndiyo maana wanahitaji maji baridi yanayokimbia. Vuli jike hutaga chini ya jiwe kubwa, dume akabaki kulinda mayai. Ukiligeuza jiwe umebomoa nyumba, na ndani ya hifadhi hilo ni kosa kisheria. Mwanangu aliyarudisha moja moja, akiomba radhi kila jiwe. Sijui kama salamanda walisikia.

Elki ni habari nyingine. Ni jamii ya kulungu, ila dume lake huweza kuzidi kilo 300, na mapembe juu. Walikuwa wametoweka kabisa milima hii. Mwaka 2001 na 2002 wakaletwa 52, na sasa jioni utawaona wakila majani kwenye uwanja ulio karibu na kituo cha wageni cha Oconaluftee. Wanaonekana wapole kama ng'ombe wa jirani, na hapo ndipo watu hupotea. Sheria inataka umbali wa yadi 50, yaani kama mita 46, na dubu vilevile. Septemba na Oktoba madume hugombania majike. Mwezi Juni mama huficha ndama kwenye nyasi ndefu. Piga picha ukiwa karibu na gari lako.

Hali ya hewa isikudanganye. Mji uko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, Newfound Gap inapita 1,500. Mjini utavaa fulana, juu utalilia sweta. Mvua ikinyesha milimani, mto hujaa hata kama kwako jua linawaka, basi mawe yenye utelezi yaache.

Mengine ni madogo. Hifadhini hakuna kiingilio, lakini tangu 2023 ukiegesha gari zaidi ya dakika 15 unahitaji stika, kuanzia dola 5 kwa siku. Mtandao hukatika, kwa hiyo pakua ramani mapema. Dubu ana pua kali, chakula kifungie garini.

Na masikio yaandae pia. Mjini mtu anaweza kukutazama usoni na kukuambia "Siyo!" Usianze kujitetea, hujakosea kitu. Anakusalimu. Mjibu "Siyo" nawe, na akikuelekeza njia mwambie "sgi", ndiyo asante yao.