Jinsi ya Kuwasilisha Taarifa Forodha ya Marekani Kuhusu Bidhaa za Kazi ya Kulazimishwa

Kifungu cha 307 cha Sheria ya Ushuru ya Marekani ya mwaka 1930 kinapiga marufuku kuingiza nchini humo bidhaa iliyochimbwa au kutengenezwa, yote au sehemu yake, kwa kazi ya kulazimishwa. Kwa miaka mingi kilikuwa na mwanya: bidhaa ambayo viwanda vya Marekani havikuweza kuitosheleza sokoni iliruhusiwa kuingia hata hivyo. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2016. Leo mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa kwa Mamlaka ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka, CBP, bila ada na bila kulazimika kuwa na wakili.

Kwanza hakikisha njia hii inakufaa. Dada wa kazi za ndani aliyenyang'anywa pasi Riyadh anadhulumiwa kweli, lakini kazi yake haizalishi mzigo wa kwenda Marekani, hivyo atafute msaada ubalozini na kwingineko. Hapa tunazungumzia kiwanda, shamba, mgodi au meli ya uvuvi.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi wa kazi yenyewe

Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeorodhesha dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, zikiwemo kuzuiliwa hati, kunyimwa mshahara, vitisho na utumwa wa deni. Panga maelezo yako kwa kufuata dalili hizo. Usiandike tu "wananyanyaswa". Andika kwamba mfanyakazi alimlipa ajenti kiasi fulani kabla ya kusafiri, risiti hii hapa. Kwamba deni linakatwa kila mwezi, na hii ni picha ya karatasi ya mshahara yenye makato. Kwamba pasi imefungiwa kabatini kwa msimamizi, na anayeiomba anaambiwa amalize deni kwanza. Tarehe, mahali, cheo cha aliyetamka hayo. Maelezo ya watu kadhaa yanayolingana yana uzito kuliko ya mmoja.

Hatua ya 2: Fuata mzigo

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayobeba ombi lote. Bila uhusiano na soko la Marekani, forodha haina cha kuzuia. Tafuta picha ya katoni yenye lebo ya mnunuzi, msimbo wa HS wa bidhaa (namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa forodhani), jina la mwagizaji, bandari inakoshushwa. Kumbukumbu nyingi za shehena za meli zinazoingia Marekani hupatikana kwa kampuni zinazouza takwimu za biashara.

Hatua ya 3: Andika

Kanuni ya forodha ya Marekani inadai mambo matatu: sababu kamili za kuamini kwako, maelezo ya kina ya bidhaa au sampuli yake, na kila unachojua kuhusu inavyozalishwa. Taja kiwanda au mgodi kwa jina. Mwaka 2019 CBP ilizuia dhahabu ya migodi ya wachimbaji wadogo mashariki mwa Kongo, eneo zima. Kwa maoni yangu, amri pana namna hiyo humuumiza hata mchimbaji asiyemlazimisha mtu. Ukiweza kulenga, lenga.

Hatua ya 4: Tuma

Tumia ukurasa wa kupokea taarifa kwenye tovuti ya CBP. Unaweza kuficha jina lako, ingawa ukiacha mawasiliano watakuuliza wanapokwama. Majina ya wafanyakazi usiyapeleke bila ridhaa yao, tumia namba. Tunza nakala, huenda ukaihitaji Ulaya pia: kanuni ya Umoja wa Ulaya inayopiga marufuku bidhaa za kazi ya kulazimishwa, 2024/3015, itaanza kutumika 14 Desemba 2027.

Hatua ya 5: Subiri, ukiendelea kuongeza ushahidi

Ushahidi ukionyesha kwa kiwango cha kuridhisha, hata kama si kwa uhakika kamili, CBP hutoa amri ya kushikilia mizigo, WRO. Mwagizaji ana miezi mitatu ya kuthibitisha kwamba bidhaa ni safi, la sivyo aiondoe nchini. Usitegemee kuarifiwa kila hatua ya uchunguzi.

Kampuni ya glavu ya Malaysia, Top Glove, ilizuiwa Julai 2020, na zuio likaondolewa Septemba 2021 baada ya, pamoja na mengine, kuwarudishia wafanyakazi wa kigeni ada za ajira walizotozwa. Kwa hiyo, ndani ya taarifa yako andika wazi wafanyakazi wanadai nini: kiasi gani kirudishwe, kwa nani, na pasi zirudi mikononi mwao lini.