Kuyakagua mafuta kabla ya kuyatia tangini

Mwenye boti Mkokotoni au jenereta Wete hana maabara, ila akijua petroli, mafuta ya taa na dizeli zinavyotenganishwa, chupa ya kioo, karatasi nyeupe na haidromita (kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa mafuta, kilo kwa lita) vitamwambia mengi.

Unguja na Pemba hakuna kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi. Yanayouzwa vituoni huletwa na meli yakiwa yameshasafishwa. Huko yalikotoka, mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni, ndogo na kubwa pamoja. Ndogo huchemka mapema, kubwa huchelewa. Kwanza huoshwa kwa maji kuondoa chumvi, kwa sababu chumvi ikipata moto hutoa asidi inayokula mabomba. Kisha hupitishwa kwenye tanuri hadi kama nyuzi 350 au 370 za Selsiasi. Hayapashwi zaidi ya hapo, kwani molekuli huanza kuvunjika na kaboni ngumu kuganda ndani ya mabomba.

Mvuke huingia kwenye mnara ambao chini ni moto na juu kumepoa, na kila kundi hupoa na kurudi kuwa kimiminika kwenye sahani ya kimo chake. Petroli hutokana na yanayochemka kati ya nyuzi 30 na 200, mafuta ya taa takriban 150 hadi 250, dizeli 200 hadi 350. Mipaka hiyo hupandana, na hapo ndipo wachakachuaji hupata mwanya.

Anayejua makonyo (vikonyo vya karafuu) yanavyokenekwa, yaani kutolewa mafuta kwa mvuke, kule Wawi, Pemba, ameshaelewa nusu ya habari. Mafuta ya makonyo yenyewe huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 250, lakini mvuke wa maji ukipitishwa ndani yake huyachukua kwenye joto la karibu nyuzi 100 tu, kwa sababu mvuke hubeba sehemu kubwa ya kani ya hewa inayoyazuia yasichemke. Kwenye mnara wa mafuta ghafi nako hupulizwa mvuke wa maji chini kabisa, kufukuza mepesi yaliyobaki. Mazito hupelekwa mnara wa pili uliopunguzwa hewa, yapande bila kuungua, na mabaki ya mwisho huwa lami.

Petroli itokayo moja kwa moja mnarani haifai kwa mashine za leo, okteni yake ni ndogo. Hupangwa upya kwa kichocheo cha platini, na huongezewa inayopatikana kwa kuvunja molekuli nzito kwenye nyuzi kama 500. Okteni ni uwezo wa kuvumilia mgandamizo bila kujilipua kabla ya wakati. Mafuta ya taa hayana uwezo huo. Yakichanganywa kwenye petroli, mashine hugonga. Sehemu yake nzito haigeuki mvuke sawasawa, plagi hufanya masizi, na oili kwenye ukuta wa silinda huoshwa.

Sasa ukaguzi. Fanya nje, penye upepo, mbali na moto na sigara.

Anza na chupa. Nyonya mafuta kutoka chini kabisa ya dumu kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo, jaza nusu lita kwenye chupa ya kioo na uiache robo saa. Inamishe polepole. Kama kuna maji kwenye petroli, utaona tone linaviringika chini mithili ya zebaki, halichanganyiki. Dizeli yenye maji huwa na ukungu. Iliyo safi, kwa joto letu, lazima ing'ae.

Pili, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe kavu. Iliyo safi hukauka kama dakika mbili bila kuacha alama ya mafuta, labda rangi hafifu. Duara lenye mng'ao wa mafuta ni dalili ya mafuta ya taa au dizeli. Fanya hivi kabla ya kutia oili ya mashine ya boti, maana oili nayo huacha alama. Mashine inayotaka 50 kwa 1 hutiwa mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli.

Tatu, haidromita. Ile ya betri haifai, kipimo chake huanza juu ya 1. Tafuta ya 0.700 hadi 0.850, na pima joto la mafuta wakati huohuo, kwa sababu viwango huandikwa kwa nyuzi 15. Kwa petroli ongeza takriban 0.0009 kwa kila nyuzi iliyozidi 15. Ukisoma 0.735 kwenye nyuzi 30, unapata karibu 0.749, na kawaida ya petroli ni 0.720 hadi 0.775. Lakini usiridhike na hapo: petroli ya 0.745 iliyotiwa asilimia 10 ya mafuta ya taa ya 0.800 hufika 0.7505 tu, bado imo ndani ya kiwango. Kwa hiyo andika daftarini kipimo cha kila mzigo ulionunua kituo kilekile. Mruko wa ghafla ndio unaosema kitu, hasa karatasi nayo ikiacha alama.

Hifadhi madumu kivulini, yakaribie kujaa, ukiacha nafasi ndogo ya kutanuka. Dumu lililo nusu huvuta unyevu wa pwani, na usiku unyevu huo hupoa na kuwa matone ya maji ndani. Kwenye dizeli, vijidudu huzaa hapo maji na mafuta yanapokutana, na utelezi mweusi huziba filta.

Unapojazisha dumu kituoni, liweke ardhini, si juu ya gari, ili umeme tuli usiruke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Ndiyo maana petroli kidogo tu ndani ya mafuta ya taa hufanya jiko la mchina lilipuke. Ukinusa harufu ya petroli kwenye mafuta ya taa, au tone lake likikauka haraka kwenye karatasi, usiyawashe, wala usiyajaribu kwa kibiriti, yarudishe ulikoyanunua.