Kabla hujamtumia boksi mwanao aliye kambini

Anza na anwani. Jiko litasubiri. Kijana aliye katika jeshi la Marekani akishapiga simu kusema anapelekwa Kuwait au Djibouti kwa miezi tisa, mama aliyeko Dallas au Minneapolis hukimbilia duka la Waafrika kununua iliki na korosho, boksi linajazwa mpaka linatuna, halafu ndipo mtu anauliza: sasa tunaliandikaje? Maboksi mengi hupotelea hapo, mezani nyumbani, kabla hayajaiona posta.

Familia zetu zilizoko Marekani zina vijana wengi jeshini kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani. Wapo walioingia na grinikadi, wapo walioingia kwa MAVNI, mpango wa jeshi wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, kabla haujasimamishwa 2016, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha ulizozitafuta. Kwa hiyo maelezo haya ni ya anayetuma kutoka ndani ya Marekani. Ukiwa Nairobi au Dar, usihangaike na posta ya huko. Mtumie fedha ndugu aliyeko Marekani anunue na kufunga.

Haya, anwani. Anwani ya mwanajeshi wa Marekani aliye nje haina mji wala nchi. Ina jina lake kamili, kisha namba ya yuniti na ya boksi (vituo vingine hutumia PSC au CMR badala ya yuniti), kisha mstari wa mwisho wenye vitu vitatu: APO, FPO au DPO, herufi mbili, na zip (msimbo wa posta). APO ni ya jeshi la nchi kavu na la anga, FPO ni ya wanamaji na meli zao, DPO ni ya balozi. AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, na zip zake huanza na 09. AP ni Pasifiki, zip kuanzia 962 hadi 966. AA ni nchi nyingine za bara la Amerika isipokuwa Kanada, zip zinaanza na 340. Basi, hakuna kingine.

Tatizo ni kwamba anwani hiyo inaonekana kama imekatwa mkia. Mtu anaiangalia, anaona haijatimia, anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika chini yake KUWAIT kwa herufi kubwa, akiamini amemsaidia mtu wa posta. Neno hilo moja ndilo linaloliua boksi. Barua za jeshi zina njia yake: posta ya Marekani inazibeba kwa bei ya ndani ya nchi mpaka kwenye kituo cha kukusanyia, hapo jeshi linazipokea na kusimamia safari yake hadi chumba cha barua cha kambi. Boksi likiwa na jina la nchi linachomolewa kwenye njia hiyo na kuingizwa kwenye mkondo wa kimataifa. Bahati ikiwa upande wako, karani analiona dirishani na kukwambia ufute. Bahati ikikukimbia, linapanda ndege ya kawaida, linakabidhiwa posta ya Kuwait, linapita forodha ya kiraia, halafu linakwama. Posta ile haina barabara ya kumfikia askari aliye nyuma ya geti la jeshi. Kwao hana nyumba, hana mtaa, hana namba ya simu. Linakaa ghalani kwenye joto, na likirudi, linarudi baada ya miezi, mwenyewe ameshahamishwa.

Kuna ubaya wa pili: umeandika juu ya karatasi ya kaki, kila mpakuaji asome, jina la askari na mahali alipo. Ndiyo maana jina la kambi nalo halitakiwi.

Na usidanganywe na ukaribu. Hata kama yuko Manda Bay, kule Lamu, na shangazi yake anaishi Malindi, boksi lake linafuata njia ileile ya APO. Usimtume mtu wa bodaboda getini.

Jina nalo lina mtego wake kwetu. Nyumbani anaitwa Baraka, kanisani Emmanuel, jeshini anajulikana kwa jina la babu lililo kwenye kibandiko cha kifuani. Karani wa barua anapanga kwa jina hilo la mwisho. Muulize kijana alitamke herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na uandike hivyo. Usiandike tu “Askari yeyote”: maboksi yasiyo na jina yalikomeshwa 2001, baada ya barua zenye kimeta.

Ukinunua mtandaoni na tovuti ikakudai mji, andika APO. Ikikudai jimbo, chagua AE, AP au AA. Tovuti ikikataa, duka hilo halitumi huko, usibuni njia. Kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi hazipeleki kwenye anwani hizi, ni posta ya Marekani peke yake.

Boksi lenyewe: chukua la bei moja (flat rate) lililoandikwa APO/FPO. Lina inchi 12 kwa 12 kwa 5.5, bei yake ni nafuu kuliko boksi kubwa la kawaida la bei moja, na utalipa hivyohivyo uzito ukifika hata ratili 70. Usifike huko, lakini. Kijana atalibeba mikononi kutoka chumba cha barua hadi hemani, pengine robo saa juani. Ratili 12 hadi 15 zinatosha. Posta pia hutoa bure seti ya maboksi, utepe, lebo na bahasha za fomu kwa familia za wanajeshi. Iagize mapema.

Fomu ya forodha haiepukiki, hata bei ikiwa ya ndani. Orodhesha vitu kimoja kimoja: jozi 6 za soksi, pakiti 2 za majani ya chai, mfuko 1 wa korosho, thamani ya kila kimoja. Ukiandika “zawadi” au “vyakula” umejiandikia kufunguliwa boksi. Kwenye sehemu inayouliza lifanywe nini likishindikana kufika, weka alama kwenye kurudishwa kwa mtumaji. Wengi huipita sehemu hiyo bila kuisoma.

Sasa ya marufuku, na hapa usimhurumie mtu. Miraa hapana, iwe mbichi, iwe imekaushwa, iwe mjomba ameikunja ndani ya soksi. Kemikali yake, kathinoni, sheria ya Marekani inaiweka kwenye daraja moja na heroini, na mpokeaji ndiye atakayesimama mbele ya kamanda. Pombe hapana, hata iliyomiminwa kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia mdomo. Ujanja huo unajulikana. Mafuta ya bangi na vyote vya jamii yake hapana. Mikate yenye mbegu za popi hapana pia: Februari 2023 wizara ya ulinzi iliwaonya wanajeshi waziepuke, kwa kuwa zinaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo kama kodeini. Miti shamba na unga wa dawa usio na lebo, uache kabisa. Bibi anajua ni mwarobaini; mkaguzi anaona unga wa kijani kwenye mfuko uliofungwa fundo.

Kwa zip kadhaa za nchi za Kiislamu, nyama ya nguruwe na chochote kilichotokana nayo hairuhusiwi. Soma viambato, maana pipi laini nyingi zina jelatini ya nguruwe. Biblia moja au Msahafu mmoja wa kusoma mwenyewe hauna neno; katoni ya vijitabu vya kugawa ndiyo inayokatazwa. Kila zip ina masharti yake, mwombe karani ayaangalie kwenye mfumo kabla hujalipa.

Betri za lithiamu zinakwenda zikiwa ndani ya kifaa chake tu. Pawabenki inahesabiwa kuwa betri tupu, kwa hiyo haiendi, na hicho ndicho kitu ambacho kila kijana huomba. Anunue kambini. Manukato yenye spiriti, rangi ya kucha, makopo ya kupuliza, kiberiti: hapana.

Chakula sasa. Kontena likiwa limeanikwa uwanjani Ghuba mwezi Julai, ndani huwa tanuri. Chokoleti huyeyuka ikikaribia nyuzi 34, yaani hata mkononi mwako. Kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Oktoba chokoleti haiendi huko. Mafuta ya nazi nayo huwa maji yakipita nyuzi 24, yakapenya kifuniko na kulowesha kila kitu. Na binti zetu jeshini huyahitaji, kwa sababu maduka ya kambini mara nyingi hayana vitu vya nywele zetu. Yatume hivi: fungua chupa, weka kipande cha nailoni mdomoni mwake, funga kifuniko juu yake, zungushia utepe, tia kwenye mfuko wa zipu, kisha mfuko wa pili. Ukiweka nywele za kusukia, ziwe za rangi ya asili. Nyekundu jeshi halizitaki.

Mandazi na chapati zina maji ndani, zitaota ukungu njiani. Kaimati hata usiziwaze. Visheti vilivyokauka vizuri vinafika, chevda inafika, karanga na korosho za kukaanga zinafika, crispi za muhogo zinafika zikiwa vumbi kiasi. Visheti viache vipoe kabisa kabla ya kuvifunga, kwa muda wa saa nne au tano, la sivyo mvuke wake utavilainisha. Ubuyu wa sukari hushikana kuwa donge moja jekundu na rangi yake hutembea, kwa hiyo mifuko miwili. Chai, iliki, tangawizi ya unga na pilipili viende kwenye pakiti za dukani ambazo hazijafunguliwa. Mfuko wa unga uliopasuka ndani ya barua za jeshi si jambo dogo. Watu huhamishwa jengo zima.

Na sabuni. Sabuni, losheni, karatasi zenye harufu za mashine ya kukaushia nguo, visikae boksi moja na chakula. Watu wanadhani mfuko wa plastiki unazuia harufu. Ule mwembamba hauzuii, unachelewesha tu. Joto linaikamua harufu kutoka kwenye sabuni, inapenya plastiki, na chakula chenye mafuta kinainyonya kama sifongo. Baada ya wiki tatu visheti vinaonja lavenda, korosho zinaonja lavenda, na majani ya chai ndiyo yanaharibika kuliko vyote. Hakuna dawa yake; vitatupwa. Tuma maboksi mawili, moja la kula, moja la kuogea. Ukilazimika kutuma moja, nunua sabuni isiyo na harufu.

Nafasi zinazobaki zijaze kwa vitu, si magazeti: soksi (muulize rangi inayoruhusiwa), vitambaa vya unyevu vya kujifutia, mafuta ya midomo, dawa ya matone ya macho kwa ajili ya vumbi, poda ya miguu. Tandika mfuko wa taka ndani ya boksi kabla ya kupanga. Tia karatasi yenye anwani zote mbili juu ya vitu, ili lebo ya nje ikibanduka boksi lisiwe yatima. Litikise. Likilia, fungua ujaze tena. Utepe uwe ule mpana wa inchi mbili, kwenye mshono wa kati na kingo zote mbili, juu na chini. Selotepu ya shule haifai. Kama unatumia boksi kuukuu, usichukue la mvinyo wala la dawa ya kufulia hata ukigeuza upande, na funika misimbopau yote ya zamani, kwani mashine husoma yoyote inayoiona kwanza.

Muda: hesabu wiki tatu hadi sita na usiahidi siku. Kufuatilia mtandaoni kunaweza kunyamaza boksi likishatoka Marekani. Ukimya wa wiki mbili si upotevu. Kwa Krismasi, posta hutangaza tarehe za mwisho kila mwaka: njia ya polepole hufungwa mapema Novemba, ya haraka mapema Desemba. Na kikosi kikikaribia kurudi, acha kutuma wiki sita kabla. Boksi linalomkosa huzunguka kumfuata.

Tunza risiti, bima ya dola 100 imo kwenye bei ya njia ya haraka, lakini bila risiti za vitu huna madai. Usitie fedha taslimu. Usipige picha lebo ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lina watu mia na hamsini na nusu yao huwajui. Usiandike kwenye stetasi kwamba anarudi tarehe fulani. Na yule “mwanajeshi” uliyemjua mtandaoni, anayetaka umtumie dola mia nne za kulikomboa boksi lake bandarini, si mwanajeshi. Posta ya jeshi haimtozi askari kulichukua boksi lake. Wajomba wenye jirani anayefanya kazi uwanja wa ndege na “anaweza kulipitisha”, nao waambie hapana.