Ukiitwa shahidi kortini na imani yako hairuhusu kuapa, fanya hivi

Wakristo wenzangu wa Mombasa, hili naliandika manake lilimpata mamangu. Aliitwa shahidi kesi ya mpaka wa shamba, akapanda kizimbani, karani akampa Biblia amwambia inua mkono wa kulia, mama akaishika vidole vyatetemeka na neno halitoki, moyoni yuasoma Mathayo 5, "Usiape kabisa". Akaonekana mkaidi. Na kumbe sheria ilikuwa upande wake.

Sheria ya viapo ya Kenya yamruhusu mtu ambaye imani yake yakataza kuapa athibitishe tu, yaani atamke rasmi kwamba atasema kweli, badala ya kula kiapo. Sasa usingoje mpaka kizimbani. Asubuhi ukifika kortini mtafute karani kabla kesi haijaitwa, au wakili kama unaye, mwambie "mimi siapi, nitathibitisha, imani yangu yakataza kiapo". Sababu uitaje, usiseme tu sitaki, hiyo sababu ndiyo sheria inaitaka. Ikikupita ukajipata ushapewa Biblia, irudishe kwa heshima umwambie hakimu maneno hayohayo, halafu utathibitisha kwamba utasema kweli, bila kumtaja Mungu. Na ukidanganya hapo kosa ni lilelile la aliyeapa, kifungo chafika miaka 7.

Kuna watakaokwambia umeleta dini mpya. Si mpya! Waanabaptisti, Wakristo wa Ulaya waliobatiza watu wazima tu, waliandika katazo hili la kuapa huko Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527, na George Fox wa Quaker, hawa tunaowaita Friends, alipopewa Biblia aape huko Lancaster 1664 alisema kitabu hikihiki ndicho kinachomkataza kuapa, wakamrudisha jela. Ilichukua mpaka 1696 ndipo bunge la Uingereza likawapa Quaker ruhusa ya kuthibitisha, watu walishateseka sana. Lakini pia usimhukumu Mwanglikana akiapa, kanuni yao ya 39 yasema hakimu akitaka kiapo Mkristo aweza kuapa, na Paulo mwenyewe alimwita Mungu shahidi wake kwa Wakorintho.

Ila ndugu yangu, kama sokoni Kongowea kila ukitaja bei ya nyanya ni "haki ya Mungu", anza kuuacha huo mdomo leo, wakili wa upande wa pili akikuuliza mbona sokoni waapa utajibu nini?

Na afidaviti, ule ushahidi wa maandishi unaoapiwa, usiisahau. Mwambie wakili mapema, kabla haijachapwa, pale penye "naapa" aandike "nathibitisha", na uisome mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo kabla hujatia sahihi.