Somo: Kuchochea Misuli ya Mgonjwa Mahututi kwa Umeme

Mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine hupoteza misuli upesi sana. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa, kufikia siku ya 10, eneo la mkato wa msuli wa mbele ya paja lilikuwa limepungua kwa karibu asilimia 18. Ndiyo maana kumngoja mgonjwa azinduke kwanza ndipo uanze kuikaza misuli yake kwa umeme ni kuchelewa.

Hatua ya kwanza ni kuchuja wagonjwa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, mfupa uliovunjika ambao haujatulizwa, au jeraha mahali pa kubandika elektrodi (vibandiko vya kupitisha umeme), asiwekewe umeme mpaka daktari aamue.

Hatua ya pili, safisha ngozi na uikaushe, kisha bandika elektrodi mbili juu ya misuli ya mbele ya paja, moja upande wa juu na nyingine juu kidogo ya goti. Mipangilio ya kawaida ni hezi 30 hadi 50 (yaani mapigo ya umeme kwa sekunde), kila pigo likidumu mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 300 hadi 400, kwa dakika 30 hadi 60 kila siku.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ongeza nguvu polepole mpaka msuli ujikaze waziwazi, uuone kwa macho au uuhisi kwa kiganja. Namba iliyo kwenye kioo cha mashine ya umeme si kipimo, kwa kuwa miguu iliyovimba maji huzuia umeme kufika, na mgonjwa mwenye maambukizi makali katika damu huenda asiitikie hata nguvu ikipandishwa. Wakati wote fuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni. Ukimaliza, kagua ngozi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mgonjwa akiwa kwenye dawa za kulegeza misuli, tuendelee?*
Hapana. Umeme huu huamsha msuli kupitia neva, na dawa hizo hukata mawasiliano hayo.

*Aliyelazwa kwa dawa za usingizi atatuambiaje kwamba anaumia?*
Mtazame usoni, ndugu. Akikunja uso, au mapigo yakipanda ghafla, punguza nguvu.

*Je, tuache mazoezi ya viungo?*
Msiyaache. Utafiti wa Athens wa mwaka 2010 uliwakuta na udhaifu wa misuli wagonjwa 3 kati ya 24 waliochochewa, dhidi ya 11 kati ya 28 wasiochochewa, lakini tafiti za baadaye hazikukubaliana. Mimi huutumia umeme kama nyongeza, na mgonjwa anapoweza kukaa kitandani, huanza na kumkalisha.